Saa na Mapigo

Wasomaji wa kurasa hizi wamenizoea katika mambo ya vina na mizani, na pengine katika tafsiri mbili tatu ambazo wahariri wamenifanyia hisani ya kuzichapisha. Leo naomba radhi. Nitasimulia habari ya mashine, tena sehemu ya mashine ambayo hata wengi wa wanaoishi kwa kompyuta hawajapata kuisikia. Naisimulia kwa sababu ndani yake mna neno moja nililolifasiri vibaya, na kwa neno hilo mtu mzima aliondolewa kazini.

Mwaka 1997 nilikuwa na umri wa miaka 27. Sikuwa na shahada. Kiingereza nilikipata kwa kamusi, na ushairi niliupata kwa kukaa barazani miguuni pa wazee. Ofisi moja mjini Unguja iliniajiri ukarani. Ofisi hiyo ilikuwa na kompyuta ya Sun iliyoendeshwa kwa Solaris, mfumo ulio mmoja katika ukoo wa Unix, nayo ikiwasiliana na ofisi ya Dar es Salaam kwa njia ya simu ya kukodi, yenye modemu kila upande, kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Aliyekuwa akiijua mashine alipohama, aliniachia ufunguo wa chumba na rafu nzima ya vitabu vya maelekezo. "Wewe si unajua Kiingereza?" mkubwa wangu aliniambia, na usaili wangu ukaishia hapo.

Nyuma ya kompyuta ile palikuwa na milango miwili ya mfuatano, yote ikitawaliwa na kipande kimoja cha silikoni cha kampuni ya Zilog, namba Z8530, ambacho Macintosh za zama zile nazo zilikuwa nacho. Katika mlango wa mfuatano biti hupita moja baada ya moja, kama watu katika uchochoro mwembamba wa Mji Mkongwe. Ziko namna mbili za kuzipitisha. Katika ya kwanza, kila herufi hutanguliwa na alama ya kuanza na kufuatiwa na alama ya kukoma, kama mtu anayebisha hodi kila chumba. Namna ya pili haibishi hodi. Biti humiminika mfululizo, na mpokeaji hutambua wapi moja imekwisha na nyingine imeanza kwa kuwa yeye na mpelekaji wanafuata mwendo mmoja.

Kwa namna hii ya pili, ujumbe hufungwa katika fremu, na kila fremu huanza na kumalizika kwa bendera: sifuri, kisha moja sita mfululizo, kisha sifuri. Ili bendera isitokee kwa bahati mbaya katikati ya maneno, kila zinapofuatana moja tano mpelekaji huchomeka sifuri, na mpokeaji huiondoa. Mshairi aliyewahi kuchomeka silabi ili mizani itimie atalielewa jambo hili bila ya taabu, ila msomaji wetu hana ruhusa ya kuiondoa. Mwisho wa fremu huwekwa hesabu ya biti 16 ya kukagulia. Hesabu isipolingana, fremu nzima hutupwa.

Programu endeshi ya mlango huo katika Solaris iliitwa zsh, na kwa amri ya syncinit mtu aliiambia mambo machache tu: mwendo, kama iwe katika kitanzi cha majaribio au la, na, zaidi ya yote, chanzo cha kitu ambacho Waingereza wamekiita "clock", kimoja cha kupelekea na kimoja cha kupokelea. Kamusi yangu haikusita. Nikaandika pembeni mwa kitabu kwa penseli: saa.

Basi nilikuwa na "saa ya kupelekea", nayo yaweza kutoka nje, yaani katika modemu, au ndani, yaani katika mashine yenyewe. Nikajiuliza kwa nini kompyuta ya Unguja itegemee saa ya nje, ilhali saa yake ya ndani nimeirekebisha mimi mwenyewe kwa kusikiliza redio. Nikaandika katika faili ya kuwashia txc=baud, maana yake itumie ya ndani. Ya kupokelea niliikuta imeandikwa ya nje, nami sikuigusa. Kisha nikampigia simu mwenzangu wa Dar es Salaam, tukalinganisha saa za mashine zetu mpaka kwenye sekunde. Nilifika hadi ya kumuuliza kama saa nane anayoitaja ni ya Kiswahili au ya Kizungu.

Njia ikafanya kazi nusunusu. Barua fupi za kwenda Dar es Salaam zilifika. Ndefu zilijaribiwa tena na tena mpaka zikakata tamaa. Zilizokuja kwetu zilikuja salama, ndefu na fupi. Mwenzangu alinisomea hesabu za syncstat za upande wake: fremu zenye kasoro na zilizokatika katikati zilikuwa zikiongezeka tangu asubuhi hadi jioni. Njia ile ya kukodi ilikuwa na jozi mbili za waya, moja ya kwendea na moja ya kujia. Nikahukumu kwamba jozi ya kwendea ni mbovu. Ili nijitoe shaka, nikaitia mashine katika kitanzi, ijipelekee na kujipokelea yenyewe, nikaijaribu kwa syncloop. Haikukosea hata fremu moja. Mashine yangu haina hatia, nikasema.

Ilikuwa masika. Fundi wa nyaya alikuja kwa baiskeli, koti lake la mvua likichuruzika, mtu wa makamo ya baba yangu. Alifungua visanduku, akapima jozi zote mbili, akakaza viungio. Alipomaliza alisema, "Waya wangu ni mzima, mwanangu. Tazama upande wako." Nikamwonyesha jaribio la kitanzi. Alilitazama kwa heshima, kisha akaniuliza, "Na mapigo anayatoa nani, wewe au modemu?"

Neno hilo halikuwamo katika vitabu vyangu. Nilimjibu kwa tabasamu, kwa adabu zote za mdomo, na nilidhani ni maneno ya wazee. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vingi mno kuweza kuuliza.

Alikuja mara tatu kwa mvua ileile. Baada ya mara ya tatu mkubwa wangu aliniita, akataka barua ya malalamiko iende kwa waajiri wa fundi, na kwa kuwa nilisifika kwa kalamu, niliandika mimi. Ilikuwa barua nzuri. Sentensi zake zilisimama kwa mizani, na neno "uzembe" nililiweka mahali ambapo jicho lazima litue. Wiki chache baadaye akaja fundi mwingine, kijana. Nilipouliza, niliambiwa kuwa yule mzee amepumzishwa.

Ukweli ulinijia kwa mlango wa tafsiri. Kiasi cha miezi miwili baadaye niliamua kuwafasiria wenzangu kurasa chache za kitabu, wasinisumbue kila siku, nikakwama katika sentensi iliyosema kwamba mpokeaji aweza kuipata "clock" kutoka katika data yenyewe. Nikaiandika kwa saa yangu, ikakataa. Saa haiokotwi ndani ya barua. Sasa, jambo moja nililokuwa nimejifunza katika kufasiri mashairi ni kwamba tafsiri isipoleta maana, wa kushukiwa kwanza ni mfasiri. Nikarudi katika maelezo ya kile kipande cha Zilog, nikasoma polepole, na huko hapakuwa na saa wala dakika. Palikuwa na ishara ya umeme inayopanda na kushuka, kwa mwendo wetu mara 9600 kila sekunde, na kila inapopanda na kushuka biti moja hupita. Ilikuwa ngoma, na biti zilikuwa nyayo za wachezaji.

Modemu yangu ilikuwa na ngoma yake, nami nilikuwa nimeiamuru kompyuta icheze kwa ngoma nyingine. Zote mbili zilikuwa za 9600, lakini hakuna vipigaji viwili vilivyo sawa kabisa. Tuseme vilipishana kwa sehemu moja tu katika 10,000: katika kila biti 10,000 hivi, biti moja itapotea au itahesabiwa mara mbili. Fremu fupi ya herufi 100 ina biti 800, na mara nyingi itapita. Ya herufi 1500 ina biti 12,000, na ni shida ikapona. Ndiyo sababu barua ndefu zilikufa njiani. Na ndani ya kitanzi, mpelekaji na mpokeaji walikuwa na ngoma moja. Anayeimba peke yake chumbani hawezi kupishana na mwenziwe.

Nilibadilisha neno moja katika faili: badala ya txc=baud, txc=txc, yaani fuata mapigo ya modemu. Siku ile ile hesabu za makosa za Dar es Salaam zikasimama, wala hazikupanda tena. Katika daftari la ofisi niliandika: "Njia imetengemaa." Mtazame mfasiri alivyochagua kitenzi. Haikutengenezwa na mtu, ilitengemaa.

Sikumwambia mtu yeyote kwa miaka saba. Mwaka 2004, ofisi ile ikiwa imekwishafungwa, nilikwenda Ng'ambo nyumbani kwa mzee. Nilimwamkia, akaitikia, akanitambua. Nilimweleza yote, pamoja na barua. Alinyamaza kitambo kirefu, akiizungusha kofia yake gotini.

"Barua ile uliandika wewe?" akauliza.

"Mimi, mzee wangu."

"Nilisomewa. Nilisema, aliyeandika hii anajua Kiswahili." Kisha akasema, "Basi niandikie nyingine."

Nilimwambia kuwa hayupo tena wa kupelekewa. Akasema anajua, niandike tu. Mjukuu akaleta daftari la shule. Niliandika kwamba nyaya zilikuwa nzima, kwamba kosa lilikuwa la karani, na kwamba karani aliiweka mashine ifuate saa isiyokuwa yake. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudisha nyuma mstari mmoja.

"Hapo usiseme saa," akasema. "Sisi tukiita mapigo. Nilikuuliza siku ile."

Nikafuta, nikaandika mapigo. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wa shati.