USICHOME KILICHOZIBA

Neno letu la leo ni Mwanzo 26:18.

Wiki iliyopita nilikuwa na kiberiti mkononi. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na rundo la mipira ya dripu, ile myeusi ya kunyunyizia mboga tone kwa tone. Ilinifanyia kazi misimu mitatu kwenye sukuma na nyanya, kisha ikaziba. Mmea huu unapata maji, ule unakauka. Nikaing'oa, nikaitupa pamoja na koki na viunganishi vyake. Nikasema mvua ya Oktoba iko karibu, wacha nichome nisafishe uwanja.

Susu mmoja wa kanisa letu akapita na mtungi wake. "Pasta, unachoma nini?"

"Takataka, Susu. Imeziba."

Akaokota mpira mmoja, akaupuliza kwa mdomo, akaukunja kuona kama umepasuka. Halafu akaniuliza, "Ulikuwa unafungua ncha zake uchafu utoke?"

Nikanyamaza.

"Na chujio?"

Chujio lilikuwa limetoboka. Nilijua. Nilikuwa nikisema nitalibadilisha kesho.

Wapendwa, maji yetu ya Kitui na Makueni tunayajua. Visima vingi vya mashine vinatoa maji ya chumvi. Yakikauka ndani ya mpira yanaacha ukoko mweupe kwenye vitundu. Mchanga nao ukipita chujio unamalizia kazi. Mpira wangu haukuwa mbovu. Mwenye mpira ndiye aliyezembea.

Susu alichukua rundo lote. Ijumaa nilimkuta na wajukuu wake. Walikuwa wameloweka mipira usiku kucha kwenye maji yenye siki, wakaipigapiga, wakafungua ncha na kusukuma maji mpaka yakatoka safi. Palipopasuka walikata, wakaunga kwa vile viunganishi nilivyotupa. Vipande visivyoungika walivivisha waya wa kufungia miche ya miembe, ili waya usikate gamba. Hakuna kilichorudi kwenye moto.

Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa kwa sababu ya mipira.

Kuna ndugu aliyekuwa akiongoza sifa kanisani kwetu. Alianguka, nikamsimamisha. Kumsimamisha hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba miezi minane sikumtembelea hata siku moja. Na kabla hajaanguka nilikuwa nimemwona amechoka, anaimba bila furaha, nikasema nitaongea naye kesho. Baadaye nikawaambia wazee, "Huyo ameisha." Niliwasha kiberiti kwa mdomo wangu.

Sasa mtazame Isaka. Kulikuwa na njaa katika nchi. Visima vya baba yake Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo. Isaka hakusema vimeisha. Alivifukua, na akaviita majina yale yale baba yake aliyoviita. Sisi tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Mafuriko yakifukia shimo la maji kwenye mchanga wa mto, kiangazi kikija tunarudi kuchimba pale pale mama zetu walipochimba. Tunajua maji bado yako chini.

Mpendwa, ni nani umemtupa kwenye rundo? Mwana anayelewa? Mume? Dada mliyekosana kwa sababu ya shamba? Pengine hatarudi mahali pale pale alipokuwa. Hata ile mipira, mingine ilirudi kwenye mboga na mingine ikaenda kwenye miembe. Lakini kabla hujawasha kiberiti, jiulize maswali ya Susu. Ncha ulifungua lini? Chujio ni zima?

Na kama ni wewe uliyeziba, Mungu hakuoni takataka. Anaweza kukuloweka usiku mzima, na siki si tamu, lakini hana haja ya kukuchoma.

Jana nilimpigia yule ndugu simu. Sikumhubiria. Nilimwambia, "Nisamehe, sikuja." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Pasta, njoo Jumamosi." Mniombee.

TUOMBE: Baba, tusamehe kwa wale tuliowaacha wakaziba tukiwaona. Tupe subira ya kufukua na mikono ya kuunga. Tuanze na mmoja wiki hii, katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu Roho amekukumbusha, usiandike jina lake hapa. Mpigie simu. 🙏