Mapishi ya Kwetu Yanakaa Wapi? Matembezi Ndani ya Nyarugusu

Mwezi huu tunatembea pamoja humuhumu kambini. Mtu wa nje akisikia Nyarugusu anawaza mahema na foleni ya posho tu. Lakini kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu ya Kusini, na tangu siku ile moto wa jikoni haujazimika. Basi nikachukua Jumamosi mbili, nikapita kwenye vijia vya nyumba za udongo, nikiuliza wamama swali moja: Mama, mapishi ya kwenu unayaweka wapi?

Nyumba ya kwanza ni ya nyanya mmoja aliyetoka Fizi. Alicheka, akagusa kichwa. "Mwalimu, sombe haina kitabu. Sombe ina pua." Akanieleza: majani ya muhogo unayatwanga kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, unayachemsha bila kufunika, unayaacha yachemke sana. Ile harufu ya majani mabichi ikiisha, ndipo unaweka kitunguu, mawese, na ndagala kama Mungu amejalia. Karanga ni mwishoni. Chumvi anapima kwa kiganja. Mtoto alijifunza kwa kukaa karibu na kinu, basi. Hiyo ndiyo shule yake, na ni shule nzuri. Shida ni kwamba siku mwalimu akiondoka, anaondoka na somo lote.

Nikavuka barabara, upande wa pili nikakuta mapishi yanakaa kwenye daftari. Mbele ni hesabu za darasa la sita, ukigeuza nyuma ni jiko. Mama hasomi, kwa hiyo anasema na binti anaandika. Mama anachanganya Kibembe na Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha sokoni, binti anaandika jinsi anavyosikia. Nilisoma hivi kuhusu bukari: "Unga, kopo mbili za nyanya. Maji, mpaka mama aseme basi." Tulicheka sote. Lakini tufikiri kidogo: siku mama hayupo, nani atasema basi?

Kwa jirani Mrundi, aliyefika na wenzake mwaka 2015, niliona kitu kingine. Yeye hana daftari. Ana sufuria. Ndani ya sufuria kuna alama mbili za msumari: ya chini ni mahali maharage yanafika, ya juu ni mahali maji yanafika. Watoto wake wote wanajua. Hata yule mdogo asiyejua kusoma anaweza kupika maharage yasiungue. Kwa kweli hayo ni maandishi, ila yameandikwa kwenye bati. Nilimwambia asiiuze sufuria hiyo, akasema hata kwa pesa ngapi.

Nyumba ya mwisho mapishi yako kwenye simu. Kijana wa mama huyo alihamishiwa Marekani na familia yake. Kila mara anapiga usiku: "Mama, kwani karanga tunaweka kabla ya mawese ama baada?" Kule sombe anainunua ikiwa imetwangwa tayari, imegandishwa kwenye mfuko, lakini mkono wa mama haumo mle. Kwa hiyo mama anapika huku anaongea kwenye simu, anamtumia sauti. Unasikia mchi, unasikia kuku, unasikia mama akimgombeza mtoto. Vizuri sana. Ila simu ikianguka ndani ya maji, kila kitu kimekwenda.

Ndugu zangu, msidhani haya ni mambo ya wamama wa huku tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kambi ya Terezín, ambayo leo iko nchi ya Cheki, wanawake Wayahudi waliofungwa na Wanazi waliandika mapishi ya nyumbani kwao kwenye vipande vya karatasi, huku wenyewe wana njaa. Mmoja wao, Mina Pächter, alikufa humo mwaka 1944. Kabla ya kufa alimwachia rafiki kifurushi cha karatasi hizo ampelekee binti yake. Kilifika kwa binti huyo mjini New York baada ya miaka kama 25. Mwaka 1996, mwaka uleule kambi yetu ilipofunguliwa, kikatoka kuwa kitabu. Baadhi ya mapishi yake yana mapengo, kwa sababu waliandika kwa kichwa kilichochoka. Hata hivyo binti alipata mkono wa mama yake.

Mtu ataniuliza, mwalimu, haraka ya nini? Chakula si chakula tu? Hapana. Chukua muhogo mchungu. Bibi zetu wanajua lazima uloweke siku tatu au nne, ndipo uanike na kutwanga unga. Si ushirikina huo. Muhogo ule una sumu, na maji ndiyo yanaitoa. Kule Kongo kuna ugonjwa unaitwa konzo, madaktari waliuandika tangu mwaka 1938. Unawapata hasa watoto na wamama, pale ambapo watu wanakula muhogo ulioharakishwa siku nyingi bila chakula kingine cha kutosha. Miguu inakakamaa na hairudi tena kuwa kama zamani. Kijana aliyezaliwa hapa, aliyezoea unga wa posho, siku akirudi kwenye shamba la babu yake nani atamwambia hizo siku tatu? Ladha ikipotea tunasikitika. Siku za kuloweka zikisahauliwa, mtu anabaki kilema.

Kwa hiyo naomba kila nyumba ifanye hivi. Chagueni chakula kimoja kwa mwezi. Mzee aseme, mtoto aandike. Andikeni vitu vitano: jina la chakula kwa lugha ya kwenu, vipimo kwa kopo mnalotumia (na ukubwa wa kopo), muda wa kuloweka au kuchemsha, alama ya kujua kimeiva, na nani alimfundisha nani. Halafu mtoto apike akifuata karatasi peke yake, mama akae kimya. Pale atakapokwama, ndipo pengo lilipo, lijazeni. Mwisho, nakili moja zaidi mpe jirani au ndugu aliye mbali, maana karatasi moja inaliwa na mchwa.

Kalamu zikikosekana, wanafunzi wangu wanazo. Wapeni kazi hiyo jioni hii, kabla bibi hajalala. Mwende jikoni salama.