Bukavu: Koti la babu halikukatwa

Fundi mmoja wa kushona huko Kadutu, mjini Bukavu, alitaka kukata koti la marehemu babu yake. Alikuwa ameona kwenye simu mtindo wa mavazi uitwao stimpanki: nguo za Uingereza ya wakati wa malkia Victoria (1837-1901), zikipambwa kwa vyuma, saa za mnyororo na miwani ya mafundi wa mashini za mvuke. Vifungo vya shaba vya babu vilimvutia.

Mama yake alikataa. «Mwanangu, kwa papa yangu hakuna kingine kilichobaki.»

Siku mbili hawakusemezana. Kisha kijana akasoma juu ya Vivienne Westwood, mbunifu Mwingereza aliyechunguza nguo za kale katika jumba la makumbusho la London, na mwaka 1987 akatoa koseti za namna ya karne ya 18. Alijifunza kwa macho.

Basi kijana akatandika koti mezani, akalipima, akachora kola na mishono kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Kitambaa akakitoa sokoni, kwenye mitumba. Mnyororo ni wa baiskeli.

Jumapili alipolivaa, mama alishika kola, akanyamaza. Koti la babu lingali kabatini, na vifungo vyake vyote.