Kadi ya Joka na Pesa za Idd



Wazazi wenzetu na wanafunzi wapendwa, baada ya Idd el-Fitr iliyopita kijana wetu wa miaka 14 alituaga kwamba anakwenda mara moja kwa rafiki yake, hapa hapa Nyamirambo. Akarudi na kadi moja mkononi. Ilikuwa kadi ya Pokémon, yenye picha ya lile joka la rangi ya chungwa liitwalo Charizard. Alikuwa ameilipia faranga 60,000, yaani pesa zote za Idd alizopewa na shangazi zake, pamoja na akiba aliyoanza kuiweka tangu mwezi wa Rajab. Muuzaji, kijana aliyekuja likizo kutoka Ulaya, alimwambia kuwa ni kadi ya mwaka 1995 na kwamba huko watu wanainunua kwa maelfu ya dola.

Kusema kweli tulianza kwa ukali. Tulikumbuka kwamba mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa dhidi ya mchezo huu, na moja ya sababu zao ni kufanana kwake na kamari. Sisi si watu wa kutoa hukumu. Mwenye swali na amuulize sheikh wake. Nyumbani kwetu tulishakataza kununua zile pakiti zilizofungwa, maana unalipa bila kujua umenunua nini. Naye alijitetea kwamba hii haikuwa pakiti. Ilikuwa kadi moja, wazi, mtu anaiona. Hapo alikuwa na hoja. Ila kuiona hakuiona, aliitazama tu. Basi tukakaa naye mezani usiku ule, tukaikagua pamoja.

Tulianza na huo mwaka 1995. Chini kabisa ya kadi kuna mstari wa maandishi madogo wenye miaka kadhaa, na wa kwanza ni 1995. Hiyo ni miaka ya hakimiliki, si mwaka wa kuchapishwa. Kadi hizi zilitoka kwanza Japani mwaka 1996, na za Kiingereza zikatolewa na Wizards of the Coast mwaka 1999. Kwa hiyo anayekuuzia kadi ya Kiingereza "ya 1995" ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Kisha tukatazama namba iliyo pembeni chini. Charizard wa seti ile ya kwanza ni 4/102. Ukikuta 4/130, hiyo ni ya seti nyingine, ya mwaka 2000. Na hata 4/102 haitoshi, kwa sababu mwaka 2021 kadi hiyo ilichapishwa upya kwa kuadhimisha miaka 25, ikawekwa alama ndogo ya 25 kwenye picha. Ni kadi halali, lakini si ile ya zamani. Toleo la kwanza kabisa lina muhuri mdogo mweusi wenye tarakimu 1, upande wa kushoto chini ya picha, na fremu ya picha haina kivuli upande wa kulia. Ya kwetu haikuwa na muhuri wala alama ya 25, na kivuli kilikuwepo. Kijana akapumua kidogo. Angalau ni ya 1999, alisema.

Binamu yake alikuwa na kadi moja ya kawaida ya miaka ile, isiyo na thamani kubwa, lakini tunajua ni ya kweli. Tukaziweka pamoja. Rangi ya buluu ya nyuma kwenye ya kwetu ilikuwa imefifia, na herufi zilikuwa nene. Tukawasha tochi ya simu nyuma yake. Kadi ya kweli ina tabaka jeusi katikati linalozuia mwanga. Ya binamu ilizuia. Ya kwetu ilipitisha mwanga kama karatasi ya daftari. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, lakini pamoja na mengine kilimaliza maneno. Kijana hakusema kitu.

Hata ingekuwa ya kweli, bei ingebaki kuwa swali. Machi 2022 Charizard wa toleo la kwanza, aliyepewa alama 10 kati ya 10 na kampuni ya PSA, aliuzwa dola 420,000. Wauzaji wanapenda kuitaja bei hiyo hata kwa kadi ya chapa ya baadaye yenye kona zilizochakaa, ambayo haifiki hata robo yake. Tazameni bei zilizolipwa kweli, si zinazoombwa. Na kwenye mnada jihadharini na wale wanaopandisha bei bila nia ya kununua. Hiyo ndiyo najash aliyoikataza Mtume (S.A.W.).

Ijumaa iliyofuata tulimsikia uani akizungumza na mtoto wa jirani, mdogo wake wa madrasa. "Hii ni orijino," alikuwa anamwambia. Tulipomwita alijibu, "Baba, mimi nimedanganywa. Nataka tu nirudishe changu."

Tulikaa kimya kwa muda. Tukamsimulia kisa kilichomo katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Alisikiliza, lakini machozi yalikuwa ya pesa zake, na hatumlaumu. Mmoja wetu alitaka tumrudishie zile 60,000 yaishe, mwingine alikataa. Tulibishana hadi Isha. Mwisho tukampa nusu, kwa masharti kwamba ajaye kumuuzia chochote tutakaa naye sote mezani, na tochi.

Yule muuzaji simu yake haipatikani mpaka leo. Kadi kijana alimpa mtoto wa jirani bure, baada ya kuiandika nyuma kwa kalamu ya wino: BANDIA. Mtoto anatembea nayo mfukoni, na kila mgeni anayefika humwonyesha pande zote mbili.

Wassalaam alaykum.