Baba, Nguzo Zimeota

Binti yangu ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa Aprili 2014, theluji ya mwisho imebaki vichuguu vyeusi kando ya barabara, nami niko jikoni nachemsha chai. Akaingia na viatu vyake vya matope, akasimama mlangoni. "Baba, nguzo zimeota."

Nikadhani ni michezo ya watoto. Nilipotoka uwani nikakuta asemalo ni kweli. Uzio niliousimamisha kwa mikono yangu Septemba 2012, muda mfupi baada ya kununua nyumba yetu hapa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, ulikuwa umepanda na kushuka kama meno ya mtoto anayebadili. Nguzo za upande wa kaskazini, ambako jua la kipupwe halifiki, ndizo zilizopanda zaidi. Moja ilikuwa imejinyanyua upana wa kiganja, na zege lake limetokeza juu ya nyasi. Wavu wa chuma umevimba katikati. Komeo la geti lilining'inia vidole vitatu juu ya tundu lake.

Nilichuchumaa pale nikalishika lile zege. Liliniuma, kwa sababu seng'enge si kitu nilichojifunza dukani. Nilikua nayo.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu pale Makambako, si mbali na stesheni ya TAZARA, na kazi yake ilikuwa kusuka zile nyavu za waya ambazo mafundi wengi huziita cheni linki. Mashine yenyewe ilikuwa bapa la chuma lililopita ndani ya bomba. Unaingiza waya, unazungusha mpini, na upande wa pili waya unatoka umejikunja mawimbi mawimbi. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupokea kila uzi mpya, kuuzungusha ndani ya ule uliotangulia mpaka ufike mwisho, kisha kukunja ncha kwa plaizi. Nilijua kwa kidole tu kama jicho la wavu limekaa sawa. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba mashine ya aina hiyo ilibuniwa na Charles Barnard, huko Norwich, Uingereza, mwaka 1844, na kwamba aliiga mashine za kufumia nguo, maana mji ule ulikuwa mji wa wafumaji. Sikushangaa hata kidogo. Ukikaa na wavu ule kutwa nzima, unajua ni nguo.

Na kwa mjomba, kuchagua uzio maana yake ilikuwa kuchagua nguo. Mteja akifika alionyeshwa waya mnene na mwembamba, macho mapana na membamba, basi. Nguzo hazikuwa na mjadala: mkaratusi uliotiwa dawa, shimo la futi mbili, shindilia kwa mtarimbo, twende. Nguzo za mjomba zilisimama miaka. Baridi tulikuwa nayo pia. Mtu wa Njombe na Makete anaijua sakitu, ule weupe unaofunika majani ya viazi alfajiri ya mwezi wa sita. Lakini sakitu hukaa juu ya ardhi. Saa nne asubuhi imekwisha kuyeyuka, na chini ya jani udongo ni uleule.

Hayo ndiyo maarifa niliyokuja nayo Marekani mwaka 2007. Nilipopata kiwanja changu, nilichagua waya kwa uangalifu wote niliofundishwa. Nilikataa ule wa bei rahisi wa geji 11 na nusu, ambao hauzidi milimita 3, nikachukua geji 9, karibu milimita 4. (Geji huenda kinyume: namba ikishuka, waya unanenepa. Wageni wengi huliwa hapo.) Kisha nikachimba mashimo ya futi mbili kwa chepe, kama nyumbani, nikamwaga zege, nikaweka pima maji, nikafurahi.

Siku ile ya Aprili jirani yangu alivuka nyasi akaja kusimama pembeni yangu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, aliyelelewa shambani kaskazini ya jimbo, karibu na mpaka wa Kanada. Hakucheka. Alitazama nguzo moja moja, kisha akasema, "Hukushuka chini ya baridi."

Sikumwelewa. Nilizoea baridi kuwa kitu cha hewani, unaivalia sweta. Akanieleza kwamba hapa baridi hushuka ardhini kama maji yanavyonyonywa na mchanga, wiki baada ya wiki, na kwamba sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka misingi ya nyumba ishuke inchi 42 katika nusu ya kusini ya jimbo, ambako ndiko tuliko, na inchi 60 kaskazini. Kinachofaa nyumba, akasema, kinafaa na nguzo. Mimi nilikuwa nimeishia inchi 24.

Jumamosi iliyofuata tuling'oa nguzo moja pamoja, na hapo ndipo nilipoona kwa macho. Zege langu lilikuwa na umbo la karoti, pana juu na jembamba chini, kwa sababu chepe hupanua mdomo wa shimo kuliko kitako chake. Chini yake palikuwa na uwazi, na uwazi ule umejaa matope laini yaliyoteleza humo wakati zege likiwa limeinuliwa, kwa hiyo lisingeweza kurudi hata lingetaka. Kiwanja chetu ni udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji. Maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, lakini mzee aliniambia si hilo tu linaloinua. Udongo unaoganda huyavuta maji kutoka chini, yakapanda, yakaganda nayo, yakajipanga tabaka kwa tabaka za barafu tupu ndani ya ardhi. Tabaka hizo zikinenepa, ardhi yote inanyanyuka, na kwa kuwa imeganda na kulikumbatia zege pande zote, inapanda nalo. Karoti yangu ilikuwa na mabega, na barafu ilishika kwenye mabega hayo. Kipupwe cha 2013 na 2014 kilikuwa kikali hata mabomba ya maji yaliganda chini ya barabara za mji. Uzio wa futi mbili ungefanya nini?

Tangu siku ile niliacha kuanzia kwenye waya. Mwaka uliofuata niliomba kazi ya majira ya joto kwenye kampuni ndogo ya kusimamisha uzio, na nikauvunja wangu wote nikauanza upya, safari hii kutoka chini. Kwanza nilipiga namba 811, ambayo watu wote wa Marekani hupiga kabla ya kuchimba, wakaja kuniwekea alama za mabomba ya gesi na nyaya za umeme. Kisha mashine ya kuchimbia, futi nne kwenda chini, mdomo mwembamba, kitako kipana kama chungu, ili barafu ikivuta juu, udongo usioganda ushike chini. Uso wa zege nikaupa mteremko maji yasituame. Na kila nguzo kofia yake, maana bomba lililo wazi hujaa maji, na maji yakiganda ndani hupasua chuma.

Nilidhani hapo nimemaliza. Ardhi ilikuwa imenyamaza, lakini theluji ilikuwa haijasema neno lake.

Mke wangu alitaka faragha, na haki yake. Kwetu uwa ni uwa, mtu hapiti njiani akaona unachoanika. Nikanunua vipande vya plastiki vinavyochomekwa kwenye macho ya wavu, nikavichomeka upande wote wa magharibi. Uzuri wa seng'enge ya wavu katika nchi ya theluji ni kwamba upepo hupita. Theluji hairuki peke yake, hubebwa na upepo, na upepo ukigonga ukuta hutua mzigo wake hapohapo. Jirani wa mtaa wa pili ana ukuta wa mbao usio na tundu, na kila mwaka nyuma yake theluji hurundikana hadi kufunika viti vya bustani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuza wavu kuwa ukuta. Upepo uliokuwa ukipita ukaanza kusukuma. Mwaka wa tatu nguzo za kati zilikuwa zimeinamia mashariki, mabomba yake membamba yamepinda juu ya zege.

Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifikia nyuzi 33 za selisiasi chini ya sifuri. Nilitoka nimejifunika uso wote, nikashika kipande kimoja cha plastiki kukirudisha mahali pake. Kikavunjika mkononi kama papari. Nikagusa cha pili, hivyo hivyo. Wavu wenyewe ulikuwa umekaza, ukiupiga kwa kidole unalia kama waya wa gambusi. Si ajabu: chuma cha mita 30 kikitoka kwenye joto la Julai kikaingia kwenye baridi ile hupungua zaidi ya sentimita mbili, na ndiyo sababu bomba la juu huachiwa nafasi ya kucheza kwenye maungio. Masika yale niliviondoa vipande vyote, nikapanda misindano badala yake, hatua kadhaa ndani ya uzio. Sasa imepita urefu wa mtu, na mke wangu anaanika anachotaka. Siku hizi mteja aking'ang'ania plastiki, simkatalii, lakini namwambia wazi alipie mabomba mazito, na nguzo zikae karibu kuliko futi 10 za kawaida. Kama hataki, namwomba atafute fundi mwingine.

Kipupwe cha 2022 na 2023 kilitupa inchi 90 za theluji, zaidi ya mita mbili na robo ukijumlisha zote. Hapo nilijifunza kuhusu kimo. Uzio wangu ulikuwa wa futi nne. Theluji iliyoshindiliwa na upepo hukaza kama sakafu, na mbwa wa jirani aliikwea akavuka juu ya bomba bila kuruka, kama anayepita kizingiti. Upande wa barabara ilikuwa mbaya zaidi. Magari ya kusukuma theluji yalitupia marundo kwenye wavu, na marundo yale yalipoanza kuyeyuka yalishuka taratibu yakiuvuta wavu kwenda chini, macho yakatanuka yakawa midomo. Pia yalikuja na chumvi ya barabarani, ambayo hula zinki, na zinki ikiisha inageukia chuma. Upande ule nimeuweka upya kwa futi tano, wavu wenye zinki nzito iliyochovywa baada ya kusukwa, ili hata mikunjo na ncha zipate ngozi, na nimeuinua inchi mbili kutoka ardhini barafu isiushike miguu.

Geti nalo lifunguke kwa ndani, liinuke juu ya ardhi, basi. Geti la kuteleza kwenye reli ya chini, huku kwetu, usimnunulie hata adui.

Kuna suala la rangi nyeusi, ambalo wateja hulipenda, na lina mtego nisioweza kuunyamazia. Wavu uliovikwa plastiki huuzwa kwa geji, lakini wauzaji wengine hupima waya pamoja na koti lake. Unaambiwa geji 9, ukilichuna koti unakuta waya wa 11. Waulize geji ya kiini, wakuandikie. Na koti liwe limegandishwa kwenye chuma, si soksi iliyovishwa, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa koleo la theluji hufungua mlango kwa maji, na chini ya soksi maji husafiri hayaonekani hadi kutu itokeze mbali kabisa na pale yalipoingilia.

Mjomba alifariki kabla sijaweza kumweleza haya yote vizuri. Nilipompigia simu mara ya mwisho nilimwambia kwamba huku ardhi huitema nguzo, akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa wavu unaupimaje?" Nikamjibu kwamba naupima mwisho, mjomba, baada ya kila kitu. Akaguna. Kwa mtu aliyesuka waya maisha yake yote, lilikuwa jibu gumu kumeza, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba analimeza kwa sababu limetoka kwangu.

Wengi wanaonipigia sasa ni watu wetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, waliopata nyumba ya kwanza baada ya kazi za zamu mbili. Swali lao la kwanza ni bei ya futi moja ya waya, la pili rangi. Nawaelewa, ndivyo nilivyoanza. Lakini wewe unayesoma haya ukiwa Minneapolis, Edmonton au Lewiston, fundi akija na kitabu chake cha rangi, mwombe akifunge kwanza. Mwambie akuonyeshe nguzo kabla hazijaingia ardhini, na uzipime mwenyewe kwa futikamba. Kwa uzio wa futi tano, hapa kwetu, nguzo iwe na futi tisa.