Mwana wa Kuzaa na Mwana wa Kulea: Juu ya Miendelezo Miwili ya Super Mario Bros.

Suala la mwendelezo si geni katika uhakiki wetu. Anayefundisha Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hana budi kujiuliza iwapo kitabu cha pili chaweza kusimama bila cha kwanza. Hali kadhalika, msomaji wa Muhammed Said Abdulla humkuta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akamkuta tena katika Kisima cha Giningi (1968), akataka kujua ni kipi hasa kilichorejea: mtu, mbinu, au ahadi aliyopewa msomaji. Makala haya yanalipeleka swali hilo katika utanzu ambao wengi wetu huuacha nje ya mlango wa darasa, yaani mchezo wa video. Nimeuchagua kwa sababu moja: humo mna kazi iliyopata miendelezo miwili tofauti kabisa, yote miwili ikiitwa kwa jina lile lile.

Super Mario Bros. ilitolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1985, chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Msuko wake ni wa ngano: binti mfalme ametekwa, na shujaa anavuka dunia 8, kila moja ikiwa na hatua 4, ili amkomboe. Umahiri wake umo katika ufundishaji. Uyoga wa kwanza humjia mchezaji kwa namna ambayo ni vigumu kuukwepa. Ukimgusa, shujaa hukua. Hakuna neno lililosemwa, lakini kanuni imeeleweka. Mimi niliujua mchezo huo nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nyumbani kwa binamu zangu, wala hatukuwa na kijitabu cha maelezo. Fanani alitufunza kwa tendo, kama mtambaji anavyoifunza hadhira yake kiitikio bila kukieleza.

Mwaka 1986 Japani ikapata mwendelezo wa kwanza, Super Mario Bros. 2. Kwa sura, huyu ni mwana aliyefanana na mzazi: mandhari ni yale, maadui ni wale, na binti mfalme ametekwa tena. Lakini sasa kuna uyoga wa sumu. Kuna pepo zinazomsukuma shujaa anaporuka, na njia za mkato ambazo, badala ya kumpeleka mbele, humrudisha alikotoka. Kila fundisho la matini ya awali limegeuzwa mtego. Asiyewahi kuufurahia uyoga wa kwanza hawezi kuuonja uchungu wa huu wa pili. Huu ni mwingilianomatini katika ukamilifu wake: maana ya kazi imo katika kumbukumbu ya anayeipokea.

Tawi la Nintendo la Marekani liliuona mchezo huo kuwa mgumu kupita kiasi kwa hadhira yake. Badala yake, mwaka 1988, lilitoa mchezo mwingine kwa jina lile lile. Huo ulikuwa umetolewa Japani mwaka 1987 kwa jina Yume Kōjō: Doki Doki Panic, na mashujaa wake, waliofungamana na maonyesho ya Fuji Television, ni familia yenye mavazi ya Kiarabu iliyoingia ndani ya kitabu cha hadithi ambacho ukurasa wake wa mwisho umechanwa. Familia hiyo ikaondolewa, wakawekwa Mario, Luigi, Toad na binti mfalme. Kanuni hazikufanana na za awali. Shujaa hung'oa mboga ardhini na kuwatupia maadui. Kuwakanyaga tu hakuwaui. Mwishoni tunaambiwa kwamba yote yalikuwa ndoto ya Mario.

Ni upi basi mwendelezo halisi? Anayefuata nasaba atautaja ule wa 1986 na kufunga mjadala. Hata hivyo, mwana wa kulea aliuletea ukoo mambo ambayo mwana wa kuzaa hakuwa nayo. Birdo, mgeni kutoka kitabu kile kilichochanwa, amedumu katika kazi za baadaye. La muhimu zaidi, binti mfalme, aliyekuwa zawadi ya kukombolewa, akawa mtendaji anayechaguliwa na mchezaji, mwenye uwezo wa kuelea hewani ambao wenzake hawana. Japani yenyewe iliupokea mwaka 1992 kwa jina Super Mario USA, na mwaka 1993 Marekani ikaletewa ule wa 1986 kwa jina The Lost Levels. Kilichokuwa “cha pili” kwa hadhira moja kikawa “kilichopotea” kwa nyingine.

Hukumu yangu ni hii: ule wa 1986 ni mwendelezo bora, ule wa 1988 ni mchezo bora. Wa kwanza unazungumza na mzazi wake sentensi kwa sentensi, lakini huzungumza na waliokwisha kufuzu pekee. Wa pili haukumjua mzazi, ila umeupanua ukoo.

Tofauti hiyo inatuhusu sisi. Tenzi zetu za kale zenye visa vilivyotoka Uarabuni zimefuatiliwa mno chimbuko lake, mpaka wakati mwingine kazi yenyewe ya mshairi wa Kiswahili, vina vyake na hadhira yake, ikasahauliwa. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa uzamili niliyemfahamu alipendekeza kuchunguza usimulizi katika michezo ya video. Pendekezo lilirudishwa na jopo lililolitathmini kwa hoja kwamba michezo haina matini. Akachagua mada nyingine, na utafiti ule haukufanywa. Jopo liliuliza kazi hizo ni za ukoo gani. Swali lililostahili kuulizwa ni zinamfanyia nini anayezipokea, na swali hilo hujibiwa kwa kusoma tu.