Tulivyouvuka msimu wa pamba bila malipo

Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kulisimulia hili nikiwa bado mkulima. Mimi ni mama wa Bukene, wilayani Nzega, na nataka wenzangu wajue tulivyouvuka msimu wa 2019.

Mwaka ule bei elekezi ya pamba ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, kutoka 1,100 ya mwaka uliotangulia. Tulifurahi kweli. Tulikuwa tumepulizia funza wa vitumba kwa wakati, na nyumba nzima ilikaa chini kutenganisha pamba safi na fifi, yaani ile ya daraja la chini. Ghalani, karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, alipima jamvi moja baada ya jingine, akaandika kilo kwenye stakabadhi, akanikabidhi. Pesa, alisema, zitakuja mnunuzi akishaleta.

Zikachelewa mno. Bei ya dunia ilikuwa imeanguka, Marekani na China zikivutana kibiashara, na pamba yetu nyingi huuzwa nje ikiwa nyuzi. Wanunuzi wakasema wakilipa 1,200 watapata hasara, na mabenki yakasita kuwakopesha. Serikali ilikataa bei ishushwe, ikawaita wote kwenye mazungumzo. Hilo nalishukuru, lakini bei nzuri isiyolipwa hailishi mtoto.

Nyumbani mambo yalibana. Dukani tulikuwa tunadaiwa unga, sukari na sabuni. Ada ya sekondari ilishafutwa tangu 2016, lakini binti yetu alihitaji sare, madaftari na mchango wa chakula. Mlanguzi akaja kuulizia maksai wetu wa plau kwa bei ya kutupa. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Nikamwambia, "Baba, tukiuza hawa, Novemba tutalima na nini?" Akamrudisha yule mtu.

Tukauza choroko tulizokuwa tumeweka akiba. Tukaenda kibarua cha kupiga mpunga wa watu, tukilipwa kwa debe. Mwenye duka nilimpelekea stakabadhi yangu, akaisoma, akakubali kungoja. Kikundi chetu cha hisa kikatusogezea tarehe ya kurejesha mkopo wetu bila kuongeza riba. Hao ndio waliotushika mkono, na Mungu awalipe.

Jambo lililotusaidia kuliko yote lilianzia kwa akina mama wa kikundi. Tulikusanya stakabadhi zetu zote, tukaandika jina, kilo na tarehe ya kupima, kisha tukaenda kulinganisha na kitabu cha karani. Kuna kilo zilizopishana, kuna jina lililorukwa. Yote yakasahihishwa mbele yetu kabla orodha ya wanaodai haijapelekwa wilayani. Malipo yalipofika hatimaye, hakuna mwenzetu aliyeambiwa hayumo. Tulilipa duka, tukarejesha mkopo, na mvua zilipoanza maksai walikuwa zizini.

Mazoea hayo hatukuyaacha. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ruzuku ya mbolea Mbeya, Agosti 8, 2022, mfuko wa urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ulishuka hadi 70,000, lakini kwa mkulima aliyeandikishwa tu. Wengi walisubiri wasikie kwanza. Sisi tulikwenda kujiandikisha pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake na ukubwa wa shamba lake, tukanunua mbolea ya mpunga na mahindi.

Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: msaada wa Serikali ni haki yetu, na haki hiyo hupita kwenye karatasi. Mkulima mwenzangu, usiondoke ghalani bila stakabadhi, isome ungali mbele ya mzani, na mwite jirani asome ya kwake. Na wakubwa wetu mnaotupangia bei, mkiitangaza, tangazeni pamoja nayo siku ya mwisho ya mnunuzi kulipa, na asiyeweza kuitimiza asipewe pamba yetu.